Mjane Aliyekataa Kuvunja Chupa

Drusilla Pelley alikuwa akigeuza samaki wa chumvi juani shemeji yake Garland alipomletea habari: Bwana Harnett anataka yeye ndiye avunje chupa ya baraka kwenye meli yake mpya.

"Amesema hivyo kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake, shemeji. Anasema itakuwa heshima kwa Eliam."

"Mwaka jana alimwita kaka yako mpumbavu mbele ya baraza. Leo heshima hiyo ameitoa wapi?"

Mwaka jana, barafu ya Machi ilipotanda, meli iitwayo Bessie Harnett ilikwenda kuwinda sili, wanyama wa baharini wenye ngozi ya thamani, nahodha wake Eliam, mume wa Drusilla. Haikurudi. Hakikuonekana kipande cha ubao wala mwili wa mtu. Baraza la uchunguzi likaketi mjini St. John's, na Ambrose Harnett, mwenye meli, akaapa kwamba chombo kilikuwa kizima na kwamba hakuna aliyewahi kumlalamikia. Nahodha, alisema, ndiye aliyejitia dhorubani kwa tamaa ya ngozi. Maiti hana la kujibu. Baraza likaamua hivyo.

Lakini kabla ya safari ile, jikoni kwa Drusilla, Harnett akinywa chai yake, Eliam alikuwa amemwambia: "Bwana, mbao za chini zimeoza. Nimechoma kisu kikazama mpaka mpini. Ninyi mmepaka rangi tu."

Harnett akacheka. "Ukiogopa maji, nahodha, sema. Wapo wanaoitaka kazi."

Eliam akaenda. Nusu ya mabaharia walikuwa jamaa zake. Hakuweza kuwaachia mtu asiyejua ubovu ulipo. Drusilla alifunga safari kulieleza baraza hayo yote, karani akamrudisha mlangoni: habari za jikoni si ushahidi, mama.

Sasa wanaume wa ghuba walikuwa wanasitasita kujiandikisha kwa meli mpya, na Harnett alijua kwamba mjane wa nahodha akiibariki, watapanda.

"Mwambie nitakuja," Drusilla alisema.

Siku ya kuishusha meli majini bendera zilipepea, mchungaji akaomba, Harnett akampa Drusilla chupa yenye utepe jukwaani. Aliipokea, akaipa meli mgongo na kuwakabili watu.

"Bwana Harnett, kwanza waambie hawa alichokuambia mume wangu jikoni kwangu."

"Mama Pelley, leo si siku ya majonzi."

"Sikuulizi habari za siku. Nakuuliza habari za mbao."

Mchungaji akamshika kiwiko. "Dada Drusilla, bahari huchukua kwa mapenzi ya Mungu."

"Mungu hakupaka rangi juu ya ubao uliooza, mchungaji. Tusimsingizie."

Chini ya jukwaa, Shangazi Tryphena Burry, aliyepoteza wana wawili katika meli ile, akapaza sauti: "Mjibu, Ambrose. Au ulimi uliumeza pamoja na chai yake?"

Shingo ya Harnett ikaiva kwa hasira. "Pelley alilalamika kila mwaka! Ningemsikiliza, meli isingetoka bandarini."

Ndipo Harnett mwenyewe alipong'amua alichokisema, akamtazama mchungaji kama anayeomba msaada. Mchungaji alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Uliapa kwamba hakuna aliyelalamika," Drusilla alisema. Akaiweka chupa nzima miguuni pa Harnett, akashuka. Garland akamfuata, kisha Tryphena, kisha wanaume, mmoja mmoja. Chupa ilivunjwa na binti wa Harnett mbele ya watu wachache.

Harnett alikwenda kutafuta mabaharia ghuba nyingine, habari ikamtangulia. Hakupata mtu mpaka alipokubali mafundi waliochaguliwa na mabaharia wenyewe waikague meli tumboni, nao wakaamuru mbao kadhaa zing'olewe. Ilikuwa meli mpya, na tayari ilikuwa na mbao za kung'olewa.

Baraza halikuketi tena. Mara mbili Drusilla alikwenda mjini, mara mbili akaambiwa shauri limekwisha. Kwa serikali, mkosaji ni Eliam Pelley mpaka leo.

Machi iliporudi, alimkuta Garland gatini na mzigo begani, tayari kupanda meli ile mpya.

"Umeridhika nayo?"

"Mbao zote nimezigonga mwenyewe, shemeji."

"Na mwenye meli je?"

"Huyo ameoza, lakini hatumpandi yeye."

Drusilla hakucheka. Alimfunga skafu ya sufu shingoni, akaikaza kuliko ilivyohitajika.