Kiatu cha Mguu wa Kulia

Nasema wazi, anayetaka kununa anune: nimeshona viatu tangu nikiwa msichana na sijawahi kushona jozi. Kushoto tu. Kiwanda chetu kilishona cha kushoto, na ng'ambo, nchi nyingine kabisa, kulikuwa na wenzetu wanaoshona cha kulia. Vilikutanishwa nchi ya tatu, ndani ya boksi. Kisa? Eti tusiibe. Kiatu kimoja mtu akaibe akifanyie nini? "Tutafute mabwana wenye mguu mmoja," alikuwa akisema jirani yangu wa mashine. Tulimwita Chiriku, na jina lilimfaa, maana mdomo wake haukujua kupumzika.

Aliyeumia kwa hilo ni baba yangu. Alikuwa mpakuzi wa mizigo hadi mgongo ukamgomea, akahamia kwangu, na kazi yake ikabaki kunisifu mtaani. "Binti yangu anashona viatu vya ngozi, vya wakubwa!" Kila nikirudi jioni ananiangalia mikono.

"Mwanangu, kweli nitakufa sijavaa kiatu chako?"

"Baba, nikuletee cha kushoto, huku kulia uvae ndala?"

Anacheka mpaka anakohoa. Lakini hakuwa anatania, na mimi nilijua.

Halafu siku moja msimamizi akatukusanya, na hakuthubutu kututazama usoni. Wenye mali, akasema, wamechoka kuendesha viwanda viwili. Kitabaki kimoja, kishone miguu yote. Watakuja wageni tushone cha kulia mbele yao, na wale wa ng'ambo nao watashona cha kushoto. Watakaoshona vizuri ndio watabaki na kazi.

"Ebo! Si kiatu tu?" nikasema. Nilikuwa najipa moyo bure.

Nyumbani baba akavua ndala, akakanyaga kipande cha boksi. "Chora." Nikauchora mguu wake wa kulia, nikaukata ule mchoro, nikakaa nao mezani nikizungusha kana kwamba niko kwenye mashine. Kwenye cha kushoto, ukifika kona ya kidole gumba, ngozi unaivuta kuja kwako. Cha kulia unaisukuma iende. Basi mkono wangu unavuta tu.

"Sukuma!" baba anapiga kelele kutoka kitandani. "Sukuma, mwanangu, huo si mkokoteni wa maji!"

Tulicheka, lakini roho yangu ilikuwa juu. Bila kazi ile, mimi na mzee wangu tungeishi kwa nini? Umri huu nani ataniajiri? Kushona cha kushoto ndiyo kazi pekee ninayoijua.

Siku ya majaribio nikachagua ngozi za saizi ya baba, nikisema mguu huu angalau naufahamu. Mshono wa kwanza ukaenda. Wa pili ukaenda. Nikafika kwenye kidole gumba, mkono ukavuta. Haki ya Mungu sikuuamuru, ulivuta wenyewe. Nikafumua. Ngozi si kitambaa, ukifumua matundu yanabaki. Nikapitisha mshono pembeni ya matundu, na ngozi ikajikunja kwa ndani. Kidogo tu. Nikaigonga kwa nyundo ikalala. Pembeni yangu Chiriku alikuwa kimya, na hilo lilinitisha kuliko wageni. Viatu vikatiwa soli, wageni wakavipapasa ndani kwa vidole, wakatuaga kwa adabu sana.

Kazi ikaenda ng'ambo.

Tumeonewa! Walishaamua kabla hawajapanda ndege! Kiatu changu kina kasoro gani? Nikaitangaza habari hiyo kiwandani, mtaani, kila aliyekuwa na sikio akaisikia. Nikamtukana hata mwanamke wa ng'ambo nisiyemjua, yule wa kulia, kwamba ametunyang'anya tonge mdomoni.

"Na yeye ana baba yake," Chiriku akasema.

"Nenda ukamsaidie kumlea, basi." Sikutaka kusikia.

Siku ya mwisho mlinzi wa getini, aliyekuwa akitupekua mpaka kwenye nywele, alikaa kwenye kiti chake akitazama pembeni. "Piteni tu, dada zangu." Nikapita na cha kushoto kutoka rafuni, na kile changu cha kulia nilichokiokota kwenye pipa la mabovu.

Baba akavivaa, akasimama. Mungu wangu, alivyosimama! Mgongo wenyewe ulinyooka. Akatoka, akaenda mlango kwa mlango. "Jozi! Kazi ya binti yangu, hii na hii!" Nilimtazama kutoka kizingitini, na kwa mara ya kwanza tangu tufukuzwe nikafurahi. Viangalieni, nikasema moyoni, mseme kama si viatu.

Aliporudi alikuwa anashika ukuta.

"Vipi, baba?"

"Vimenikaa barabara."

"Basi vua upumzike."

"Acha nivizoee kidogo."

Nikapiga magoti, nikamvua mwenyewe kwa nguvu. Cha kushoto kikatoka vizuri. Cha kulia kikagoma, na kilipotoka soksi ilikuwa imelowa damu kwenye kidole gumba. Nikaingiza mkono ndani ya kiatu. Ule mkunjo wa ngozi ulikuwa pale pale, umesimama, mgumu.

Sikuonewa, basi. Kiatu kilikuwa kibovu. Na mkono huu ulioharibu, ni wenye mali waliouzoesha kuvuta, miaka yote hiyo, ili nisiwaibie.

"Viatu safi kabisa, mwanangu," baba akasema. "Ni huu mguu wangu tu, umezeeka."

Nikaleta beseni, nikamwosha mguu huku nikilia, naye akijifanya haoni. Viatu nikavificha chini ya kitanda changu, nyuma ya masanduku. Asubuhi nikamkuta amekaa mlangoni amevivaa vyote viwili, anangoja watu wapite.