Sikio la Sista

"Inuka kidogo, mama," Sista Mkuu alisema kutoka mlangoni mwa darasa la kwanza.

Mama wa usafi aliinuka na tambara lake, maji ya sabuni yakimchuruzika hadi kiwikoni. Alijua ni habari ya mjukuu wake, aliyemwombea nafasi. Shule yenyewe ndogo, imebanwa kati ya kanisa na gereji, lakini mtaa mzima ulitaka kuingiza watoto pale, na yeye alianza kufuta madawati yale kabla Sista huyu hajavaa shela la utawa.

"Mjukuu wako hatutampokea. Wazazi wake hawana ndoa ya kanisa."

"Nani kakuambia, Sista?"

"Wewe mwenyewe."

Ni kweli. Siku moja, wakipanga maua altareni, Sista alimwuliza kwa upole mbona ana mawazo. Basi mama wa watu akafunguka: binti yake anaishi na mume wa mtu, mtoto kapatikana humo humo, na yeye aibu inamla. Alilia, akashikwa bega, akaambiwa Mungu anasamehe. Akarudi nyumbani mwepesi kama aliyetoka kuungama. Maskini wa Mungu, Sista ana masikio, hana stola ya kuungamishia. Siri ya kitubio humfunga padri peke yake. Mdomo uliponza kichwa, na kichwa chenyewe cha mtoto.

"Nilidhani yanaishia pale pale."

"Yaliishia. Sijamwambia mtu. Ila siwezi kujifanya sijui."

"Na yule mwenye duka la vioo? Watoto wake wako hapa. Ndoa yake umeiona?"

"Hajaniambia kitu."

"Kumbe ningenyamaza."

Sista alitazama sakafu iliyolowa. "Tutamwombea, mama."

"Mwombeeni."

Alirudi magotini. Alitamani kuimwaga ile ndoo yote miguuni pa Sista, lakini kesho nani angempa kazi? Akasugua hadi vidole vikamuuma, akimchukia Sista, akijichukia mwenyewe zaidi.

Jioni mjukuu alimpokea mlangoni, akamtua mfuko.

"Bibi, leo umefuta dawati langu?"

"Nimelifuta."

"Liko wapi?"

Aliketi kitandani, akavua kiatu kimoja.

"Karibu na dirisha," alisema.

"Nikikaa pale nitaona nini?"

Bibi alihangaika na kiatu cha pili, kamba imeingia fundo.

"Ukuta wa kanisa," akasema.