Hatujambo ya Mlimani

Nilikuwa nimeinua simu juu kama mtu anayechuma tini, nautafuta mtandao kwenye ukingo wa mlima. Chini yangu kijiji chetu cha Tamsult kilikuwa rundo la udongo na magogo, vumbi la tetemeko halijatulia. Wenye nguvu walibaki wakifukua kwa mikono. Mimi, mzee niliyezurura nusu ya umri wangu kwenye bandari za watu, ndiye waliyesema anajua kuzungumza na watu wa mjini.

"Bihi," jirani yangu Idder aliniambia kabla sijaondoka, amelala juu ya blanketi, mguu umepondwa na boriti, "ukiipata helikopta, waambie waje na sigara."

Simu ikapokelewa na binti wa chama cha misaada kule mjini Agadir, ndiye aliyekuwa akipanga nini kiende bonde lipi. Alikuwa wa milima hii hii. Lafudhi haijifichi.

"Asalamu alaikum, baba. Mko vipi huko Tamsult?"

Wewe unayesoma, umewahi kumsikia mtu akijibu salamu kwa kusema "vibaya"? Mtu kafiwa asubuhi, bado atakwambia hajambo, ndipo aanze kulia. Salamu ni mlango. Huingii kwa watu kwa kuruka ukuta.

"Hatujambo, binti yangu, alhamdulillahi. Ninyi je? Wazazi wazima?"

"Wazima, baba. Watoto? Mifugo?"

"Wote salama kwa uwezo wa Mungu. Sasa sikiliza, binti..."

Simu ikazima. Chaji imekwisha.

Niliibonyeza, nikaipangusa, nikaipasha joto kwapani. Nikaitukana kwa lugha za bandari zote. Kisha nikashuka, na nilipoyaona macho yao nikasema: wanakuja.

Hawakuja. Helikopta tuliiona, ikapita juu yetu, ikatua ng'ambo ya bonde. Idder aliipungia kilemba. "Inakwenda kugeuza tu," akasema. Kesho yake aliacha mzaha. Mguu ulianza kunuka, nasi tukawa tunakaa upande unakotoka upepo, hatutazamani.

Lori lilipofika hatimaye, yule binti alikuwamo, Ijja jina lake, viatu vimejaa tope. Alimwona Idder akipakiwa, akanivuta nyuma ya magunia ya unga.

"Baba, si ulisema hamjambo? Watoto salama, mifugo salama? Ng'ambo kule walikuwa wakipiga mayowe kwenye simu. Nikawapa wao helikopta."

"Ulikuwa unanisalimu, binti yangu."

"Ndiyo. Nilikuwa nakusalimu, huku nimeshapanga misaada kwa kufuata jibu lako." Akafuta pua kwa kiganja. "Na mimi ni wa huku huku! Mama yangu hata umkute anazama mtoni, atakwambia hajambo. Nilipaswa kujua." Akachungulia kule walikosimama wengine. "Tusimwambie mtu, baba."

Hatukumwambia mtu.

Mguu ulikatwa juu ya goti. Idder akarudi na magongo mawili na mdomo wake uleule. Akija mgeni, lazima anivute karibu. "Mnamwona huyu? Na uzee wake wote, alipanda kule juu kwa ajili yangu, mawe yakiporomoka! Simu tu ndiyo iliyomsaliti." Kisha ananimegea nyama iliyonona kuliko zote. Mara nyingi nimefungua mdomo nimwambie, na kila nikiufungua ananiwekea tonge jingine. Nakula.

Majira ya kuvuna shayiri, mwaka uliofuata, binti yake alijifungua mtoto wa kiume. Siku ya saba kondoo akachinjwa. Idder akamnong'oneza mtoto jina sikioni, akanigeukia anacheka, mapengo yote nje.

Mtoto sasa anatembea. Asubuhi namsikia Idder uani kwake, "Bihi! We Bihi, njoo kwa babu!" na kabla sijakumbuka ni nani anayeitwa, nimekwisha kuitika.