Consolatha Anataka Kufika Lukole

Kabla ya kwenda kusoma Aljeria, Clarisse hakuwahi kusafiri bila mtu wa kumsindikiza. Hata alipokuwa sekondari ya bweni, baba yake alimpeleka kwa pikipiki kutoka kwao Murusagamba kila muhula unapoanza, na shule zikifungwa alimfuata.

Miezi ya kwanza huko ugenini alitoka bwenini kwenda darasani tu. Kisha rafiki aliyepanga kwenda naye kuiona bahari akaugua. Clarisse alikaa kitandani na tiketi mkononi, akalia kidogo, halafu akaenda stesheni peke yake.

Alishuka kituo kisicho chake. Kifaransa chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini alimwendea mama mmoja aliyebeba mikate, akamuuliza njia. Yule mama alimshika mkono, akamkalisha kwenye benchi, akammegea mkate na kungoja naye mpaka treni nyingine ikaja. Jioni ile Clarisse alisimama mbele ya bahari, viatu vimeloa, akicheka mwenyewe. Tangu hapo hakungoja mwenzake ili atoke.

Aliporudi likizo, alimsimulia mama yake, Consolatha, kisa hicho wakimenya ndizi jikoni.

"Na hukuogopa?"

"Niliogopa, mama. Nilienda nikiogopa hivyo hivyo."

Kisu cha Consolatha kikasimama katikati ya ndizi. "Mimi nataka kwenda Lukole," alisema.

Clarisse alijua kwamba mama yake alitoka Burundi akiwa mtoto, akalelewa katika kambi ya wakimbizi ya Lukole mpaka alipoolewa. Zaidi ya hapo hakuwahi kuambiwa.

"Kuna nini Lukole, mama?"

"Mdogo wangu, Ciza. Alifia kambini akiwa mtoto, tukamzika kule. Tangu nitoke kambini sijarudi."

"Lakini si mbali. Ni wilaya hii hii."

"Najua si mbali. Nimewahi kuianza safari, nikafika mpaka Ngara mjini, nikanunua chumvi, nikarudi."

Clarisse alitaka kumwambia ajikaze tu, kama alivyojikaza yeye. Akaitazama mikono ya mama yake, bado imeshika kisu na ndizi ile ile, akaacha.

"Kesho twende wote," alisema.

Walikodi pikipiki mbili. Kambi haikuwepo tena; palikuwa na miti na mashamba. Clarisse alimsalimia bibi mmoja aliyekuwa akipalilia maharage.

"Shikamoo, bibi. Makaburi ya wakimbizi yako wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Fuateni njia hii, yako nyuma ya mikaratusi ile."

Yalikuwa matuta ya udongo yaliyofunikwa na nyasi, mengine makubwa, mengine madogo, hayana majina. Consolatha alipita katikati yake taratibu, akarudi, akapita tena. Mwishowe akasimama.

"Sijui ni lipi, Clarisse."

Clarisse alimshika mkono. Kisha Consolatha akajifunga kitenge vizuri, akapiga magoti na kuanza kung'oa nyasi.

"Nitayapalilia haya madogo yote," alisema. "Mojawapo ni lake."

Clarisse akapiga magoti upande wa pili. Wakiendelea kung'oa, mama yake alianza kusimulia: jinsi Ciza alivyoimba akisugua sufuria, jinsi alivyong'ang'ania nguo ya Consolatha kwenye foleni ya maji asije akapotea. Mara alicheka, mara alifuta macho kwa kiwiko.

Vijana wa pikipiki walipiga honi kule barabarani.

"Waambie wangoje," alisema Consolatha. "Bado sijamaliza."