Toleo la Shangazi

Siku Lilian alipoanza kupanga nguo zake kwenye begi ili arudi kwao Ijumbi, nilipiga magoti kuomba kabla sijamwambia neno. Lilian ni binti wa marehemu kaka yangu Evarist. Nilimleta kwangu Kahororo asome sekondari kwa sababu kaka yangu aliniomba hivyo akiwa mgonjwa, na kwa sababu mimi mwenyewe niliachishwa shule nikiwa darasa la sita nikachume kahawa. Sasa ni mtu mzima na ninasoma masomo ya jioni. Nyumba yetu ilikuwa na wanafunzi wawili. Sikuwa tayari abaki mmoja.

Kisa kilikuwa filamu. Ni filamu ya Kizungu ya kuchekesha, ya vijana waliomaliza shule wakaenda kukaa kwenye nyumba ya ziwani bila wazazi, na mambo yao mengi hayatazamiki mbele ya mkwe. Kamala, mtafsiri wa hapa Bukoba, aliitia Kiswahili kama watafsiri wanavyofanya: sauti za wenyewe zinashushwa, naye anasema juu yake, anawasemea wanaume na wanawake wote, na anaongeza utani wake. Kuna mahali kijana anamtaka msichana, msichana anakataa. Hapo Kamala alisema, "Huyu anasema hapana ili aombwe mara mbili."

Mabanda ya video yalivunjika mbavu. Vijana wa bodaboda wa kijiwe chetu wakayachukua maneno yale. Msichana wa shule aliyewahi kumkataa mmoja wao alipopita, walimwimbia, "Mara mbili! Mara mbili!" Lilian alikuwa amemkataa mmoja wao, Mujuni. Akaanza kukwepa barabara na kupita migombani, akawa anachelewa shule na kuadhibiwa. Kisha siku moja Mujuni alimfuata huko huko migombani, akamshika mkono na kumwambia hii ndiyo mara ya pili. Lilian alichomoka akakimbia. Jioni ile akatoa begi.

Nilimwomba avumilie kidogo. Asubuhi nilikwenda kijiweni. Mujuni aliniamkia vizuri, akasema alikuwa anatania tu, filamu ndiyo imesema hivyo, na wenzake wakacheka. Nikaona kwamba nikigombana naye, kesho atatokea mwingine. Maneno yale yalikuwa na chemchemi yake, na chemchemi ilikuwa mjini, dukani kwa Mwesiga, anayeuza diski.

Nilimkuta Mwesiga na Kamala wakinywa chai. Nilieleza shida yangu yote, nikawaomba wayaondoe maneno yale. Mwesiga ni kijana mwenye adabu. Alisema kwa heshima ya Kihaya, waitu mama, haiwezekani, diski zimeshafika hadi visiwa vyote vya Muleba. Ila sasa limekuja toleo la kutazamia nyumbani, refu kuliko lile la kwanza, lenye vipande vyote vilivyokuwa vimeondolewa. Alinionyesha jalada kwa mbali na kuniomba nisilitazame sana. Lilikuwa na maandishi mekundu aliyoyaongeza mwenyewe: Hakijakatwa Kitu. Kamala angeanza kulitafsiri wiki ile.

Niliomba nione pale msichana anapokataa. Walidhani natania, lakini Mwesiga akaweka diski.

Katika toleo la kwanza, msichana akikataa tu, picha inaruka hadi jikoni kwa vijana wanaocheka. Katika hili refu haikuruka. Msichana alimtazama yule kijana akamwambia amesema hapana, amrudishe nyumbani. Kilikuwa Kiingereza chepesi, kile nilichofundishwa mwaka wangu wa kwanza wa masomo ya jioni. Kijana hakumrudisha. Msichana akavua viatu, akashika barabara peke yake, akatembea hadi kukapambazuka. Hapakuwa na utani wowote.

Kamala aliweka kikombe chini. Alisema kweli kwamba hakuwahi kuiona sehemu ile, nakala yake haikuwa nayo, na pengo alilijaza kwa kicheko. Nikamuuliza sasa ataweka nini.

"Mara mbili," akasema. "Mama, watu wanaisubiri. Nisipoiweka watarudisha diski."

"Basi nitatafsiri mimi."

Walicheka, na sikuwalaumu. Mwesiga alisema sauti ya mwanamke haijawahi kuuza. Kamala akaniuliza kama nitatafsiri au nitahubiri. "Humo kuna mtu anakimbia uchi, amejiziba kwa sufuria," akasema. "Huyo utamsomea zaburi?"

Niliwajibu kwa kitu wanachokijua wenyewe. Kwetu Wahaya mambo ya chumbani mama hamwambii binti yake, wala baba hathubutu. Anayesema ni shangazi. Anamkalisha binti wa kaka yake chini na kumwambia kila kitu bila kuficha, na wanacheka mpaka machozi, kwa sababu hiyo ni kazi aliyopewa na ukoo. Lakini pasipo pa kucheka, shangazi hacheki.

"Nitasema kama shangazi," nikawaambia. "Nipeni huyo wa sufuria."

Kamala alinivisha vipokea sauti na kunionya nisiseme kama mtu anayesoma, niongee. Niliomba kimoyomoyo. Yule kijana akatokea, anakimbia, mbuzi yuko nyuma yake na suruali mdomoni.

"Mnaona, wanangu," nikasema. "Mama yake alimwambia avae, akasema kuna joto. Sasa joto limekwisha, imebaki sufuria. Na sufuria yenyewe ndogo, lakini imemtosha. Haipiki ndizi za kulisha ukoo."

Chai ilimtoka Mwesiga puani. Akaniambia nije Jumamosi.

Sikutaka kanisani wasikie kwa watu. Siku ya kikundi cha akina mama nilisimama nikaeleza ninachokwenda kufanya na kwa nini. Edvina, mwenyekiti wetu, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba nipumzike kuongoza maombi hadi ijulikane kitu hicho ni nini. Iliniuma sana. Nilikubali kupumzika, lakini sikukubali kuacha. Nyumbani nilimwambia Mungu kwamba ulimi huu kama ni wake Jumapili, na Jumamosi ni wake.

Chumba cha kurekodia kiko nyuma ya duka, kimezungushiwa magodoro ukutani. Nilisema yote. Palipokuwa na upuuzi nilisema upuuzi, na mwili niliutaja kama shangazi anavyoutaja. Kamala, aliyekuwa kwenye mitambo, alikuwa akijifuta macho. Tulipokaribia nyumba ya ziwani, Mwesiga aliinua vidole viwili, ananikumbusha. Niliangalia pembeni.

"Nimesema hapana," nikamsemea msichana. "Nirudishe nyumbani."

Kisha nikanyamaza. Alivua viatu, nikanyamaza. Alitembea, nikanyamaza, zikasikika nyayo zake tu. Kulipopambazuka ndipo nikasema, "Wanangu, aliyekataa haombwi tena. Anarudishwa kwao."

Mwesiga alitaka kipande kile kiondolewe, kirefu mno na hakina kicheko. Kamala hakuinua macho kutoka kwenye mitambo.

"Acha," akasema. "Umeandika mwenyewe hakijakatwa kitu."

Jalada jipya likatoka na maneno ya ziada chini: Toleo la Shangazi.

Habari za kwanza nilizipata bandarini Kemondo, kwa Limi, anayeniletea dagaa kutoka visiwani. Alisema wavuvi walicheka sufuria mpaka wakaomba irudishwe nyuma. Msichana alipoanza kutembea, mmoja akapiga kelele, "Mara mbili!" Wenzake wakamwambia afunge mdomo, wanataka kuona kama atafika. Na Limi mwenyewe akaniuliza kama alifika, kwa kuwa diski ya kwao iligoma hapo. Nikamwambia alifika.

Nyumbani begi lilikuwa bado mlangoni. Lilian alikuwa akitoa nguo humo kila asubuhi na kuzirudisha humo jioni. Sikumlazimisha chochote. Asubuhi moja nilimwona anatoka, akasimama kwenye njia ya migombani, kisha akashika barabara kubwa. Nilibaki uani nikiomba na mkono umeshika ufagio.

Jioni alinisimulia. Alipofika kijiweni Mujuni alifungua mdomo, akasema, "Mara..." Hakumaliza. Kijana wa pikipiki ya pili alisema, "Mrudishe kwao!" na wengine wakaanza kugonga matangi ya pikipiki zao wakimwita Mujuni "Sufuria". Mujuni aliwasha pikipiki akaondoka bila abiria.

"Na wewe ulifanya nini?" nikamuuliza.

"Niliwahi namba ya asubuhi shuleni," akasema.

Edvina bado hajanirudisha kwenye maombi. Ameniagiza nimpelekee diski, aitazame mwenyewe kwanza, na amenikumbusha mara kadhaa.

Siku ile Lilian alipomaliza kusimulia alizitoa nguo zote begini, akazitundika. Nilitaka kupiga magoti pale pale. Lakini alikuwa ameshafungua kitabu changu cha hesabu mezani.

"Shangazi, kaa," akasema. "Kesho una jaribio, na milinganyo bado hujaiweza."

Nikakaa.