Kabureta Mbili

Fundi Sikio alifumba macho, akaziba sikio la kushoto kwa kidole, akaingiza ncha moja ya mpira wa bomba kwenye sikio la kulia. Ncha ya pili aliiweka mbele ya mdomo wa kabureta ya kwanza bila kugusa chuma, maana chuma kikiguswa sauti huharibika. Ssss. Akauhamishia mpira kwenye kabureta ya pili. Ssss. Hii ilikuwa mara ya tatu mwezi huo, kwa gari lilelile.

Lilikuwa gari la zamani, la kijivu, lenye taa za mviringo na injini inayolishwa na kabureta mbili, za kuchanganya petroli na hewa. Kabureta mbili ni kama watu wawili waliobeba kabati: mmoja akikaza mwendo kuliko mwenzake, kabati halifiki zima. Kwa miaka arobaini Fundi Sikio alikuwa akizisawazisha kwa kipande hicho cha mpira na sikio hilohilo, mpaka wenzake wakasahau jina alilopewa na wazazi wake. Walioleta mashine za kupimia aliwacheka, nao wakamwacha acheke, kwa sababu kweli alikuwa hakosei.

Mwaka huu alikuwa anakosea. Gari linatoka mikononi mwake, baada ya siku chache linarudi likikohoa na kutema moshi mweusi. Alibadilisha gasketi, akasafisha nozeli, akailaumu petroli. Asubuhi hiyo Bosi Mdogo, mtoto wa marehemu mwenye gereji, alimwita pembeni. Fundi alimjua tangu akijifunza kutembea kwa kushikilia matairi. Kijana alizungukazunguka na maneno, mwisho akatamka kwamba gari la kijivu likirudi tena, basi mzee akapumzike nyumbani. Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma. Fundi hakuogopa njaa, wanawe wanajiweza. Aliogopa kuamka asubuhi akiwa mtu asiyesubiriwa popote.

Mwenye gari, mkunga mstaafu mwenye miwani mizito, alikuwa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi. Nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake ikilia, na hakuna kelele iliyobaki ya kumbabaisha. Mara mbili zilizopita alimtazama fundi akifanya kazi. Leo alimtazama zaidi: namna alivyogeuza kichwa akisemeshwa, namna alivyojibu maswali ambayo hakuulizwa. Nyuma yao kompresa ya kujazia upepo ilikuwa ikinguruma na kuitetemesha sakafu yote.

Fundi alikaza skrubu robo mzunguko, akafumba macho tena. Ssss huku. Ssss kule. Alirudia mara nne, mara tano, asiamini bahati yake. Kwa mara ya kwanza wiki nzima alitabasamu.

"Zinapumua sawa, mama," alisema, macho bado kayafumba. "Safari hii zimeshikana kabisa."

Mkono ulimgusa begani. Mkunga alikuwa ameshuka na kusimama karibu yake, ufunguo wa gari kiganjani.

"Fundi," alimwambia polepole, karibu kabisa na sikio. "Gari nimeshalizima."

Fundi alitazama feni ya injini. Imesimama. Alitoa mpira sikioni: ssss. Alitoa kidole kwenye sikio la pili: ssss. Hapo ndipo alipolikumbuka bomba la jikoni kwake, alilolifungua na kulifunga upya mara mbili, akamgombeza mkewe kwa kuacha maji yanavuja. Mke aliapa kwamba hasikii kitu. Yeye akamhurumia, akisema moyoni kwamba maskini, uzee umemwanzia masikioni.

Miezi yote hiyo alikuwa akizipima kabureta za watu kwa mvumo wa kichwa chake mwenyewe. Si ajabu zililingana kila mara.

Alikaa juu ya tairi. Aliona aibu kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Aliuliza kama kuna dawa. Mkunga alikuwa ameulizwa swali hilo na wengi maishani, na alijua kulijibu bila kufungua mdomo. Akakaa kwenye tairi la pili.

"Unajua kwa nini niliacha kazi kabla ya wakati?"

Fundi alikuwa akimtazama midomo. Akatikisa kichwa.

"Nilimsikiliza mama mmoja tumboni. Nikausikia moyo unadunda vizuri, nikamwambia mtoto wako mzima. Kumbe ulikuwa moyo wangu."



Bosi Mdogo alikuja akifuta mikono kwa tambara, akauliza kama gari liko tayari. Fundi aliinuka. Maneno ya kukiri yalikuwa yamemfika mdomoni, na kama angepewa nafasi kidogo tu angeyasema. Lakini mkunga alimtangulia, akasema gari limepona, kazi nzuri, yeye hana la kulalamika.  Basi fundi akaukunja mpira, akautia mfukoni.

Mkunga aliwasha gari, akalirudisha nyuma, akapunga mkono. Fundi alisimama langoni akilitazama likiingia barabarani na kuanza kupanda mlima. Alichokisikia kilikuwa kilekile, laini, kisichopanda wala kushuka.

Kisha fundi wa matairi aliinua kichwa kama aliyeshtuliwa na mlio, akatazama barabarani. Mchomeleaji akavua kinyago chake, akatazama huko huko. Ng'ambo ya pili, muuza vocha alitoka nje ya kibanda chake akiwa na kitambaa mkononi, akasimama kukodoa macho. Bosi Mdogo, aliyekuwa akielekea ofisini, alisita katikati ya uwanja akiwa amempa fundi mgongo.  Halafu akageuka taratibu, na hakutazama barabarani; alimtazama fundi.