Sindano Iliyonolewa

Ghanim hakuweza kustahamili kusikia bunduki ikigonga bila kulia. Wenzake wakicheka risasi inapokataa kuwaka, yeye huinuka akaenda kando, akarudi uso umemkauka kama aliyepewa habari ya msiba. Thabit, mume wa dada yake Aliya, aliijua sababu na hakuwahi kumuuliza.

Sababu ilibaki Unguja. Januari ile ya mapinduzi, watu walipoingia shamba lao la karafuu, kaka yao mkubwa, Bakhit, alisimama mlangoni na bunduki ndogo waliyofukuzia kunguru. Alifyatua, ikagonga tu: ta. Akafungua bolti, komeo la nyuma ya mtutu, akatia risasi nyingine, ikagonga tena. Ya tatu hakuwahi kuitia. Ghanim alikuwa nyuma ya ukuta, na yote aliyasikia. Thabit alimwambia mara nyingi kwamba bunduki ya kunguru isingezuia umati wenye mapanga, hata kama ingelia mfululizo. Ghanim humsikiliza kwa adabu, kisha akageuza mazungumzo.

Walipofika Maskati, Thabit alifungua karakana Matrah, akitengeneza pampu za maji, makufuli na bunduki kuukuu za watu wa milimani. Ghanim alikuwa na Kiingereza chake cha skuli, akapata kazi ya kutunza stoo kwenye kambi ya kampuni ya mafuta, Saih al Malih. Wageni wa kambi walikuwa na kilabu cha kulenga shabaha, bondeni nyuma ya nyumba zao za mabati. Siku moja walimpa ajaribu, wakaona mkono wake umetulia kuliko wao wote. Wakamwazima bunduki, akawa hana raha nyingine duniani.

Lakini bunduki ile ilimchezea. Ghanim alilala chini, akabana pumzi, mkono usitikisike, na bado risasi moja ikapiga juu ya shabaha, nyingine chini yake. Mara nyingine haikuwaka kabisa. Akaipeleka kwa Thabit.

Thabit hakuigusa bunduki kwanza. Aliomba maganda ya risasi zilizokwishapigwa, akayapanga juu ya meza na kuyatazama vitako kimoja kimoja. Risasi ndogo za namna ile hazina fataki katikati. Baruti ya kuwashia imepakwa ndani ya ukingo wa ganda, na sindano ya bunduki, yaani kile kichuma kilichomo ndani ya bolti, huja kuuponda ukingo ule mpaka moto ukatoka. Alama alizoziona zilikuwa za duara, ndogo, moja imezama na nyingine imeparuza tu. Ncha ya sindano ilikuwa imelika. Ilipoangukia penye baruti nyingi, moto ulikuwa mkali na risasi ikaenda juu. Ilipoangukia penye baruti haba, moto ulizubaa na risasi ikashuka.

Akachonga sindano mpya kwa chuma kigumu, ncha yake pana na bapa mfano wa patasi ndogo, kingo zake akazisugua zisikate. Iponde, isitoboe. Ghanim alipoijaribu, risasi zilikaa pamoja hata sarafu ingezifunika, naye akamkumbatia shemegi yake mbele ya watu, jambo ambalo si kawaida yake.

Furaha ile haikudumu. Risasi zenyewe zilikuwa zimekaa muda mrefu kwenye joto na unyevu wa pwani, na kila baada ya siku kadhaa moja ikagonga kimya. Ghanim akarudi karakana, akataka ncha ichongoke.

"Ukingo wa risasi hii mwembamba, shemegi," Thabit alimwambia. "Ndio ukuta unaouzuia moto usirudi kwako. Ukiutoboa, moto utatafuta njia, na njia yake ni usoni mwako."

"Na isipowaka?"

"Iache isiwake. Karatasi ya shabaha haitokuja kukuua."

 Ghanim akaichukua bunduki, akaaga vizuri, akaondoka.

Ijumaa iliyofuata, asubuhi, alimwita Thabit aje bondeni amtazame, kwa sababu mashindano ya kilabu yalikuwa yamekaribia. Wageni walikuwepo na viti vyao vya turubai. Ghanim alilala kifudifudi juu ya mkeka, akaanza. Risasi zote ziliwaka. Kila ilipolia alitabasamu kidogo, na Thabit naye akafurahi kumwona hivyo, mpaka alipoinama kuokota maganda. Moja lilikuwa na masizi kitakoni. Akalifuta kwa kidole, akaona kitundu cheusi kwenye ukingo, kidogo kama alichotoboa mdudu.

Akachutama karibu yake. "Umeitia tupa ile sindano?"

"Inawaka kila mara."

"Ghanim, nipe bunduki."

"Nimalize hizi zilizobaki."

Thabit alinyosha mkono. Ungeufikia mtutu; ungeuvuta na mambo yakaisha pale pale. Lakini wageni walikuwa wakitazama, na Ghanim alikuwa mtu mzima mwenye heshima yake, si wa kunyang'anywa kitu mbele ya watu. Mkono ukasita. Ghanim akafyatua.

Mlio haukuwa tofauti na mingine. Bunduki ililala ubavu, na Ghanim akabaki vile vile kifudifudi, kiganja kimefunika jicho la kulia, mfano wa mtu anayejaribu kukumbuka jina. Halafu baina ya vidole vyake kukateremka kitu kisichokuwa machozi.

Gari la kambi liliwapeleka hospitali Matrah. Daktari alitoa kipande cha shaba chembamba kama ganda la kitunguu, akasafisha, akafunga. Siku chache baadaye akawaita Thabit na Aliya. Jicho lile limekwisha, alisema, nalo likiachwa ndani huenda likalivuta la pili. Mara nyingine mwili hufanya hivyo. Huligeukia jicho zima kama adui. Njia ya salama ni kuling'oa mapema, kabla uharibifu haujaanza upande wa pili.

Ghanim alikataa. Thabit alimsihi, daktari akamweleza upya, Aliya akapiga magoti kando ya kitanda akamshika miguu. Ghanim alisema anaona vizuri kwa jicho la kushoto, na kwamba daktari anasema "huenda" tu.

"Nishazika wa kutosha," alimwambia dada yake. "Hili siliziki."

Wakamrudisha nyumbani, akakaa nao. Jeraha likafunga, watu wakaja kumpa pole, naye akawa anakwenda msikitini peke yake. Ikaonekana daktari alikosea. Aliya alianza kucheka tena jikoni.

Kisha mwanga ukaanza kumuuma. Alisema ni vumbi. Akaanza kupapasa kikombe kabla ya kukishika, akasema kimewekwa mahala sipo. Walipomlazimisha kurudi hospitali, daktari alimtia dawa, akampa nyingine, na Thabit akaona namna alivyokwepa kuwatazama. Adhuhuri moja Ghanim aliuliza kwa nini dirisha halijafunguliwa. Aliya alikuwa amesimama dirishani. Lilikuwa wazi, na jua limejaa juu ya mkeka aliokalia kaka yake, mpaka magotini.

Aliya alimfuata mumewe karakana siku ile, jambo asilolifanya kamwe. Akamtaka amsimulie yaliyotokea bondeni, yote. Thabit alimsimulia, hata habari ya kitundu, hata ya mkono.

"Ungemnyang'anya," alisema Aliya.

"Ningemnyang'anya."

Aliya hakulitaja tena jambo lile. Alimpikia, akamfulia, akamzalia mtoto wa kike, na katika miaka yote hiyo hakumlaumu hata kwa neno moja. Thabit alitamani amlaumu. Aliacha kupokea bunduki. Watu wa milimani walipomletea, aliwaambia macho yake hayana nguvu tena, kisha akaona haya kwa udhuru aliouchagua.

Mwaka wa sabini sultani mpya akashika nchi, milango ikafunguka, na waliokuwa wametawanyika wakaanza kurudi. Mama yao Ghanim na Aliya, Bi Muhsina, aliyebaki Unguja kwa sababu hakutaka kuliacha kaburi la Bakhit, akapata njia ya kutoka kupitia Mombasa. Habari ya macho hakuambiwa. Kila aliyesafiri kuelekea kule aliombwa anyamaze, na Ghanim ndiye aliyeomba kwa nguvu zaidi.

Walikwenda kumpokea uwanja wa ndege, Bait al Falaj. Ghanim alivaa kanzu mpya, akasimama wima kuelekea kwenye mngurumo wa mapanga ya ndege. Abiria walishuka. Bi Muhsina, mdogo kuliko walivyomkumbuka, alimkumbatia Aliya, akambusu mjukuu, akanyanyua uso kumtafuta mwanawe. Alimwona hatua chache tu, anatabasamu, uso ameuelekeza milimani.

"Ghanim. Mbona hunitazami?"

Thabit akamshika bega, akamgeuza taratibu. Mama alisogea, akaona. Alipitisha vidole juu ya kope zile, moja kisha nyingine, mwanawe ametulia kama anayenyolewa.

"Nani kakufanya hivi?"

Aliya alimtazama mumewe. Thabit akafungua mdomo, lakini Ghanim alimtangulia.

"Nimejifanya mwenyewe, mama. Thabit alinikataza."

Bi Muhsina hakulia. Alikunja ushungi wake, akamshika mwanawe mkono, akauliza gari liko wapi. Aliya akamwonyesha. Wakaanza kutembea juu ya changarawe, yeye aliyekuwa hajapata kukanyaga Maskati akimwonya mwenyeji wake penye mashimo. Thabit akabeba mizigo, akawafuata nyuma.